Kigae kinalia kama debe tupu? Huenda gundi ilikosa maji

Gonga kigae kwa mpini wa mwiko. Kikilia kama debe tupu, jua hakijashika, na fundi aliyekiweka atapigiwa simu arudie kazi bila malipo.

Wasee wengi wa mjengo hulaumu saruji. Mara nyingi shida ni maji. Saruji haikauki tu kama tope. Inahitaji maji ili iwe ngumu. Ukipaka safu ya milimita chache kwenye ukuta mkavu, ukuta huyafyonza, nalo jua humaliza yaliyobaki.

Ndiyo maana gundi ya vigae ya mfuko hutiwa unga wa selulosi, unaotokana na nyuzi za miti au pamba zilizobadilishwa kwa kemikali. Unga huo huyashika maji yasitoroke, na huifanya gundi iwe nzito ili kigae kisiteleze ukutani. Kiasi chake ni kidogo: aghalabu gramu 40 hadi 100 kwa mfuko wa kilo 20.

Lakini hautakuokoa ukiwa na pupa. Koroga, subiri dakika 5 hadi 10 unga uyeyuke, kisha koroga tena. Paka sehemu ndogo unayoweza kuimaliza kabla gundi haijafanya utando. Jua likiwaka, hata dakika 20 ni nyingi. Iguse: isiponata kidoleni, ikwangue uitupe. Ikianza kuganda ndooni, usiongeze maji kuifufua, kwani unaiua nguvu.

Dakika hizo chache ndizo zinazolinda pesa yako, na jina lako mtaani.