Unalea watoto wa wenzako nyumbani? Bima yako inamlinda nani?



Katika miji yetu, na siku hizi hata katika miji midogo ya wilaya, mama anayekwenda kazini au sokoni alfajiri humwacha mtoto kwa jirani anayeshinda nyumbani. Mwanzoni ni ujirani tu. Baadaye inakuja pesa kidogo ya uji, wanaletwa watoto wengine wawili, na kabla mwaka haujaisha sebule imekuwa kituo: mikeka, vikombe vya plastiki, msichana wa kusaidia, na malipo ya kila wiki. Wengine huita dei kea. Ni kazi ya heshima, na sisi tunaifurahia, kwa sababu mtoto aliyeachwa na mtu mzima si sawa na mtoto aliyeachwa na dada yake wa miaka saba.

Ila sisi wa wodini tunaiona kazi hii kwa upande wake wa pili pia. Watoto wadogo huletwa wameungua kwa uji au chai, wamekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda, au wameokotwa kwenye ndoo ya maji. Mtoto aliyeungua kifua na mkono anaweza kulazwa wiki nyingi, na pengine baadaye akahitaji kupandikizwa ngozi na kufanyishwa mazoezi ili mkono usijikunje. Nani alipe? Hapo ndipo majirani waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi hufikishana kwa balozi, na wakati mwingine mahakamani. Aliyekuwa akilea huanza kufikiria kuuza kiwanja.

Baadhi ya akina mama hutujibu, "Mimi nina bima ya nyumba." Hapo inafaa tuelewane vizuri.

Nyumba ni kitu kimoja, mtoto wa mtu ni kingine

Bima ya nyumba ya kawaida ina sehemu mbili. Ya kwanza ni jengo lenyewe: kuta, paa, milango, dhidi ya moto, radi, dhoruba na majanga mengine yaliyotajwa katika hati. Ya pili ni vyombo vya ndani, kama vile kitanda, jokofu na televisheni, dhidi ya moto na wizi wa kuvunja. Mafuriko usiyachukulie kuwa yamo. Uliza, hasa kama unakaa bondeni. Katika sehemu hizo mbili hakuna mahali pa mtoto wa jirani aliyeungua.

Hati nyingine huwa na sehemu ya tatu, inayolipa pale mwenye nyumba anapodaiwa na mtu aliyeumia hapo nyumbani. Wenye magari wataelewa upesi: inafanana na ile bima ndogo ya gari, ambayo humlipa uliyemgonga wala haitengenezi gari lako. Lakini katika bima ya nyumba, sehemu hii kwa kawaida imeandikwa kwa ajili ya mgeni aliyekuja kusalimia. Ukipokea watoto kwa malipo, hiyo ni biashara, na hati nyingi za nyumba huiondoa biashara kwa maneno ya wazi.

Kuna jambo zito zaidi. Bima yote husimama juu ya ukweli wa anayeiomba. Fomu ikiuliza nyumba inatumika kwa shughuli gani ukaandika "makazi", huku watoto kumi wanashinda humo, kampuni inaweza kukataa kulipa hata jengo likiungua usiku wakati hakuna mtoto hata mmoja ndani. Kwa hiyo mama aliyeficha kituo chake ili alipe ada ndogo amenunua karatasi.

Sema, basi. Waandikie kampuni: nalea watoto wa wengine kwa malipo, ni wangapi, wa umri gani, saa ngapi, nina msaidizi mmoja au wawili, napikia mkaa au gesi. Omba jibu la maandishi, na ubaki na nakala. Huenda ada ikapanda kidogo, au kampuni ikakwambia haichukui shughuli hiyo. Jibu la pili nalo ni faida, maana utatafuta kampuni nyingine mapema, kabla ya ajali.

Bima mbili za kuulizia

Ya kwanza ni bima ya dhima, yaani ile inayokulipia wewe unapobainika kuwa na wajibu wa kumfidia mtu aliyeumia. Neno la kuangalia hapo ni wajibu. Kampuni italipa iwapo ulizembea, mathalani uliacha sufuria ya uji sakafuni watoto wanatambaa. Mtoto akijikwaa na kuvunjika mkono bila kosa la mtu yeyote, bima hii inaweza isitoe kitu.

Ya pili ni bima ya ajali kwa kundi la watoto, ya aina ileile ambayo shule huwakatia wanafunzi. Hii haiulizi nani mwenye kosa. Mtoto akiumia kwa ajali, hulipa matibabu hadi kiwango kilichoandikwa, na hulipa pia kwa ulemavu au kifo. Kwa kituo kidogo cha nyumbani, maoni yetu ni kwamba hii ndiyo ya kutafuta kwanza kama fedha haitoshi kwa zote mbili. Ugomvi mwingi tunaoushuhudia huanza na bili ya hospitali, na bili ikilipwa hasira hupungua nusu. Wazazi nao wanaweza kuchangia kidogo kila mmoja ikiwa wataelezwa mapema.

Katika zote mbili soma ukurasa wa yasiyolipwa. Huko mara nyingi utakuta magonjwa ya kuambukiza (kituo kizima kikiharisha, hiyo si ajali), dawa ulizotoa mwenyewe, na safari za watoto kwa gari au bodaboda. Kuhusu dawa, hata bila bima tungesema vilevile: usimpe mtoto wa mtu dawa yoyote ambayo mzazi hakukuandikia, jina la dawa, kipimo na saa. Na kama uliandikisha watoto sita, ukaongeza wakafika kumi na wanne, usitegemee kulipwa kwa wale wanane.

Hati nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Usione haya kumwambia wakala akae chini akusomee kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Wakala anayekimbilia kukuonyesha mahali pa kusaini mwache aende zake.

Usajili, msaidizi na nyumba ya kupanga

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Wengine huogopa kwenda wakidhani watafungiwa, nasi tunasema heri kuulizwa habari za choo na uzio leo kuliko kuulizwa na kampuni ya bima cheti cha usajili siku ya madai.

Msaidizi uliyemwajiri hamo katika bima ya watoto. Akiungua yeye, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayejisajili na kuchangia.

Aliyepanga hana haja ya kukatia bima kuta zisizo zake. Akatie vyombo vyake, na amjulishe mwenye nyumba juu ya kituo, kwa sababu shughuli ile inaweza kuharibu bima ya mwenye nyumba bila yeye kujua.

Kiasi cha bima

Thamani ya kuandika ni gharama ya kujenga upya jengo hilo, bila kiwanja, kwa kuwa kiwanja hakiungui. Usipunguze. Tuseme kulijenga upya ni shilingi milioni 40, nawe ukaandika milioni 20 ili ada iwe ndogo. Jiko likiungua kwa hasara ya milioni 10, kampuni inaweza kukulipa milioni 5 tu, kwa hesabu kwamba ulikata bima ya nusu nyumba. Kisha hukatwa kile kiasi ambacho hati inasema mwenye bima atabeba mwenyewe. Kiulizie kabla.

Wenye rika letu tulikua tukilijua Shirika la Bima la Taifa peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Sasa kampuni ni nyingi na mawakala ni wengi zaidi. Hakikisha wakala ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na upate risiti yenye jina la kampuni.

Siku ya ajali

Mtoto kwanza. Aliyeungua mmwagie maji safi ya bomba au ya kumimina kwa dakika 20, umfunike kitambaa safi, umlete. Usimpake dawa ya meno, yai wala mafuta. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa kuwa yakirudi huweza kuingia mapafuni. Hakuna hati ya bima inayokuzuia kumkimbiza mtoto hospitali, kwa hiyo usikae kusubiri simu ya wakala.

Mpigie mzazi, kisha ijulishe kampuni siku hiyohiyo ikiwezekana. Mweleze mzazi kilichotokea bila kuficha, ila usiandike ahadi ya kumlipa kiasi fulani kabla ya kuzungumza na kampuni. Hati nyingi zinasema ukiahidi bila idhini yao watakuachia mzigo. Andika katika daftari saa, mahali, nani alikuwepo na ulifanya nini, wino ungali mbichi. Daftari hilohilo liwe na jina la kila mtoto, simu mbili za wazazi, na namba ya kadi yake ya bima ya afya kama anayo, maana hapo mapokezi ndilo swali letu la kwanza.

Kampuni ikikataa dai, itake sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Mamlaka tuliyoitaja au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Bima hizi kwa kawaida ni za mwaka mmoja. Andika tarehe ya mwisho ukutani karibu na kalenda, na watoto wakiongezeka katikati ya mwaka, ipigie kampuni wiki hiyohiyo.