Sindano na Karatasi: Kazi za Utulivu kwa Askari

Maisha ya askari si mapambano peke yake. Yeyote aliyewahi kuvaa sare anajua kwamba sehemu kubwa ya utumishi ni kungoja: kungoja zamu, kungoja amri, kungoja gari, kungoja mwisho wa mwezi. Saa hizo, zisipopewa kazi, hujitafutia kazi zenyewe. Na aghalabu kazi hiyo huwa ni chupa, karata za fedha, au ugomvi usio na chanzo. Makala haya yanakusudia kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya kazi mbili ndogo za mikono, yaani kushona na kutengeneza kadi. Askari wa mataifa mengine walizifanya rafiki zao kambini, hospitalini na hata kifungoni. Hazihitaji mtaji mkubwa wala chumba maalumu. Zinahitaji nusu saa kwa siku na moyo wa subira.

Si kazi ya wanawake peke yao

Wapo watakaocheka. Watasema kwamba sindano ni ya wanawake na bunduki ni ya wanaume. Wanaosema hivyo na watembee katika mji wowote wa Afrika Mashariki, watazame barazani mwa maduka. Ni nani anayekanyaga cherehani pale, tangu asubuhi hadi jua litue? Mara nyingi ni mwanamume, na nguo waliyovaa hao wanaocheka yamkini imepita mikononi mwake. Huko Lamu na Unguja, kofia nyeupe za kudarizi, zenye vitobo vidogo visivyohesabika, hushonwa kwa mkono, na wanaume ni miongoni mwa mafundi wake. Kofia moja nzuri huweza kumchukua fundi wiki nyingi. Hakuna anayemwona mtu huyo kuwa amepungukiwa na kitu.

Isitoshe, askari hana budi kujua sindano. Kishikizo cha sare kikikatika usiku wa kuamkia gwaride, mke wa mtu hayupo lindoni kukishona. Waingereza walilifahamu jambo hili, wakawapa askari wao wa vita vikuu vyote viwili mfuko mdogo wa kitambaa wenye sindano, nyuzi na vishikizo. Mfuko huo uliitwa kwa Kiingereza "mama wa nyumbani". Jina lilikuwa la mzaha, lakini mfuko ulikuwa sehemu ya vifaa vya vita.

Blanketi la viraka

Katika vita vya Crimea, askari mmoja Mwingereza aliyeitwa Thomas Walker alijeruhiwa vibaya kichwani kwenye mapigano ya Inkerman, mwaka 1854. Alirudishwa Uingereza, akalazwa katika hospitali ya jeshi. Mchoraji Thomas Wood alimchora akiwa kitandani, naye hakumchora akiwa ameshika upanga. Alimchora akishona blanketi la viraka, na viraka vyenyewe ni vya kitambaa kizito cha sare za askari.

Walker hakuwa peke yake. Katika karne ile ya 19, askari wa Kiingereza waliokuwa katika kambi za India walishona mablanketi ya namna hiyo kwa vipande vya sare, vingine vikiwa na maelfu ya viraka vidogo. Watu waliokuwa wakipiga vita ulevi jeshini waliwahimiza kufanya hivyo, kwa sababu waliona kwamba mkono ulioshika sindano hauwezi wakati huohuo kushika bilauri wala karata. Ndugu msomaji, zingatia hilo. Tatizo la saa tupu za kambini halikuzaliwa jana, na dawa hii nayo si ngeni.

Mikono iliyojeruhiwa

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha mwaka 1918, Uingereza ilikuwa na wanaume wengi waliorudi bila mguu, bila mkono, au wakiwa na mitetemeko isiyokoma. Mwigizaji wa michezo ya kuigiza, Ernest Thesiger, ambaye mwenyewe alijeruhiwa vitani akiwa askari, alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango wa kuwafundisha majeruhi hao kudarizi. Kazi hiyo iliwafaa hata wale wasioweza kuondoka kitandani. Iliwarudishia vidole vyao ustadi, na iliwapatia fedha kidogo.

Ushahidi wa kazi yao upo mpaka leo. Katika Kanisa Kuu la St Paul's mjini London kuna kitambaa cha madhabahu kilichodariziwa na majeruhi 138, kutoka Uingereza, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Kila mtu alishona sehemu yake hospitalini alikolazwa, kisha vipande vikaunganishwa. Kilitumiwa katika ibada ya shukrani ya mwaka 1919. Baadaye kikawekwa stoo kwa miaka mingi, na mwezi wa Agosti 2014 kikatandikwa tena madhabahuni, kuadhimisha miaka 100 tangu vita vile kuanza. Wanaume walioambiwa kwamba mikono yao haina tena kazi waliacha kitu ambacho watu wanasimama kukitazama baada ya karne nzima.

Mshono uliomshinda adui

Kisa cha tatu kitawapendeza zaidi wapenzi wa mbinu. Meja Alexis Casdagli, ofisa wa Kiingereza, alitekwa na Wajerumani mwaka 1941 katika kisiwa cha Krete. Kifungoni alipata kipande cha turubai, na nyuzi alizozifumua kutoka katika sweta kuukuu. Mwezi wa Desemba mwaka huo alimaliza kudarizi kitambaa chenye jina lake, mahali alipofungwa na michoro mbalimbali, na pembeni akakizungushia nukta na vistari. Wajerumani walipendezwa na ustadi wake, wakakionyesha katika kambi mbalimbali za mateka.

Lakini zile nukta na vistari hazikuwa pambo. Zilikuwa maandishi ya Morse, ambayo watu wa mawasiliano jeshini walikuwa wakiyatumia. Mstari mmoja ulimwombea heri Mfalme wa Uingereza. Wa pili ulimtukana Hitler kwa neno ambalo haliandikwi katika ukurasa huu. Adui alitembeza tusi lake mwenyewe bila kujua. Meja huyo aliendelea kushona katika muda wote wa kifungo chake, na siku zilizokuwa hazipiti zikapita.

Kadi ya askari

Sasa tuigeukie kadi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Kiingereza alipewa kadi ya posta iliyokwisha kuchapwa sentensi chache: kwamba yu mzima, kwamba amelazwa hospitalini, kwamba amepokea barua. Kazi yake ilikuwa kukata zisizomhusu na kutia sahihi. Kama angeongeza neno lake mwenyewe, kadi ingeharibiwa. Kwa usalama wa jeshi, mpango ule ulikuwa na maana. Lakini mama aliyepokea kadi hiyo alipokea sentensi zilezile zilizopokewa na mama wa jirani.

Ndiyo maana askari walezile walizinunua kwa hamu kadi za hariri. Wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji walidarizi maua, bendera na maneno ya salamu juu ya ukanda wa hariri nyembamba, kisha vipande vikakatwa na kubandikwa juu ya karatasi ngumu. Baadhi zilikuwa na kifuko cha hariri kilichofichwa kikadi kidogo ndani yake. Bei yake haikuwa rahisi kwa askari wa kawaida, hata hivyo aliinunua, akaitia ndani ya bahasha pamoja na barua yake. Nyingi zimehifadhiwa hadi leo, kwa sababu waliozipokea hawakukubali kuzitupa.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Anayemletea mtu kanga huchagua jina kwanza, maana jina ndilo linalosema. Kadi iliyotengenezwa kwa mkono ni hivyohivyo: pindo zake ni mapambo, lakini neno lililo ndani ndilo zawadi.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna simu ya mkononi. Ni kweli, na simu ni neema. Lakini tangu mwezi wa Machi 2007, Uganda ilipopeleka kikosi chake cha kwanza Somalia, jamaa nyingi zimejifunza maana ya kukaa muda mrefu bila baba au mama. Ujumbe wa simu husomwa, hufutwa, na simu yenyewe huibwa au huharibika. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuulalia ujumbe wa simu. Kadi aliyotumiwa na baba yake ataiweka chini ya mto, na siku atakapojua kusoma ataisoma mwenyewe.

Namna ya kuanza

Vifaa ni hivi: karatasi ngumu ya manila, rula, penseli, wembe au mkasi, sindano moja nene na moja nyembamba, nyuzi za rangi mbili au tatu, na gundi. Gundi ikikosekana, pika unga wa muhogo na maji mpaka uwe uji mzito, uache upoe, upake kwa uchache.

Kata karatasi. Pitisha ubutu wa kisu kando ya rula, mahali utakapokunja, ili mkunjo unyooke. Katika karatasi nyingine chora picha nyepesi: jani, ndege, nyumba, au herufi ya kwanza ya jina la mtoto. Iweke juu ya kadi iliyofunguliwa, chini utandike blanketi lililokunjwa, kisha toboa vitundu kwa sindano nene kuifuata michoro, ukiacha kati ya kitundu na kitundu nafasi ya punje ya mahindi. Ondoa picha. Sasa tia uzi katika sindano nyembamba, uanzie upande wa ndani ili fundo lisionekane, upite kitundu hadi kitundu. Usivute kwa nguvu, karatasi itachanika. Mwisho, bandika kipande cha karatasi safi upande wa ndani kufunika mafundo, na uandike neno lako.

Asiyetaka kushona kadi anaweza kutumia mgomba. Katika Uganda, Rwanda na Burundi, migomba ni mingi, na maganda makavu ya shina lake yana rangi nyingi za asili, tangu ya maziwa hadi ya kahawa iliyokolea. Chagua maganda safi, yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu, yalaze chini ya kitu kizito usiku kucha. Asubuhi yatakuwa bapa. Yakate umbo la mtungi, la ng'ombe, la mama mwenye kikapu, uyabandike. Hata kipande cha kitambaa cha gome la mutuba kinafaa. Ufundi wa Baganda wa kugonga gome hilo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu. Basi na sisi tusiudharau.

Anayependa nguo na aanze na leso. Kunja pindo, ulishone kwa mishono midogo iliyo sawa, kisha darizi herufi mbili za jina katika pembe. Leso ya kwanza itakuwa imepinda. Ya tatu itanyooka. Ya kumi utaona haya kuiuza, utataka kuitoa zawadi.

Tahadhari mbili

La kwanza ni usalama. Kadi isitaje jina la kambi, idadi ya askari, wala siku ya safari, na isichorwe picha ya silaha au majengo ya kikosi. Salamu za upendo hazihitaji habari hizo. La pili ni nidhamu. Kazi hizi ni za saa za mapumziko, si za lindoni. Na vitambaa vitumike vya halali, maana sare ya serikali haikatwi viraka na mtu binafsi.

Hapana sharti kwamba kila kitu kigeuzwe biashara. Atakayeuza na auze, lakini faida ya kwanza ni kwa mshonaji mwenyewe. Katika nusu saa hiyo mkono hutulia, pumzi hushuka, na akili iliyochoshwa na kelele hupata kitu kimoja kidogo cha kushughulikia: mshono huu, kisha unaofuata. Wakuu wa vikosi wangefanya jambo jema kutenga meza moja katika ukumbi wa mapumziko, yenye taa nzuri, mkebe wa sindano na karatasi, ili hata kuruta anayeona haya apate pa kukaa.

Haba na haba hujaza kibaba. Mshahara ujao, kabla hujaingia kantini, pita dukani ununue sindano mbili, uzi na karatasi moja ya manila. Jioni hiyohiyo anza kadi ya kwanza, na uifikirie nyumba itakayofunguliwa bahasha yake.