Saini Inayokaa Ndani ya Chipu

Mtu akipiga picha saini yake, akaibandika chini ya mkataba na kuutuma kwa barua pepe, amesaini au hajasaini? Katika Umoja wa Ulaya mahakama haiwezi kuitupa saini hiyo kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini siku upande wa pili ukikana, mzigo wa kuthibitisha ni wako, na picha haina la kukusaidia. Yeyote aliyeipata anaweza kuibandika apendapo.

Estonia, nchi ya watu wapatao milioni 1.3 kando ya Bahari ya Baltiki, ililishughulikia jambo hili mapema. Bunge lake lilipitisha Sheria ya Saini za Kidijitali Machi 2000, ikaanza kutumika Desemba mwaka huohuo. Kwa sheria hiyo, saini ya kidijitali ilipewa nguvu ileile ya saini ya mkono. Mwaka 2002 raia wakaanza kupewa vitambulisho vyenye chipu.

Ndani ya chipu hiyo kuna ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno isiyotoka humo hata siku moja. Mtu anapotaka kusaini, kompyuta huipitisha hati nzima kwenye hesabu inayoitwa hashi, na kupata namba yenye urefu uleule, hati iwe ya ukurasa mmoja au mia. Tuseme mkataba unataja mshahara wa yuro 1,500, na mjanja mmoja akaifuta 5 na kuweka 6. Namba ya hashi haibadiliki kidogo tu. Inageuka yote, kana kwamba ni hati nyingine kabisa. Namba hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye chipu ikafungwe kwa ufunguo wa siri. Mwenye kuhakiki hutumia ufunguo wa wazi, ambao yeyote anaweza kuuona, na papo hapo atajua kama hati imeguswa.

Kitambulisho hicho kina namba mbili za siri. Ya tarakimu 4 ni ya kujitambulisha tu, kama unapoingia kwenye akaunti ya benki. Ya tarakimu 5 ni ya kusaini. Wengine wataona ni usumbufu. Mimi naona hapo ndipo wataalamu wa teknolojia walipowasikiliza wanasheria: kuonyesha wewe ni nani si sawa na kukubali deni.

Tangu Julai 2016 nchi zote za Umoja wa Ulaya zinafuata kanuni moja, eIDAS. Saini ya daraja la juu, yenye cheti (hati ya kidijitali inayounganisha ufunguo wa wazi na jina la mwenyewe) kilichotolewa na taasisi iliyoidhinishwa na kuwekwa kwa kifaa kilichohakikiwa, ni sawa na ya mkono, na ya Estonia lazima itambuliwe Ureno au Ugiriki. Picha iliyobandikwa iko daraja la chini kabisa.

Mtihani ukaja 2017. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Masaryk katika Jamhuri ya Cheki, waligundua kasoro katika programu iliyotumiwa na chipu za kampuni ya Infineon. Ili kuharakisha kazi, programu ilichagua namba tasa za kuundia ufunguo zenye mpangilio maalumu badala ya kuziokota bila mpangilio. Mwenye kompyuta za kutosha angeweza, kwa nadharia, kuanza na ufunguo wa wazi hadi kuufikia ule wa siri. Vitambulisho takriban 750,000 vya Estonia viliguswa. Serikali haikuficha: ilitangaza Septemba, ikaandaa vyeti vipya ambavyo wananchi waliweza kuvipakua hata nyumbani, na mapema Novemba ikasimamisha vyeti vya zamani.

Mikataba iliyokwisha kusainiwa haikuanguka. Kila saini huambatana na muhuri wa muda unaothibitisha kwamba ilipowekwa, cheti kilikuwa hai. Karatasi haina ulinzi wa namna hiyo, kwa maana saini yako ya wino ikishaigwa huwezi kuifuta na kupewa nyingine.

Kwa hiyo ukitumiwa hati ya kidijitali yenye fedha au ardhi ndani yake, usiridhike na mchoro wa jina ulio chini ya ukurasa. Fungua maelezo ya saini, uangalie cheti kimetolewa na nani, kwa jina la nani, na kama kilikuwa hai siku ya kusaini. Usipokuta cheti chochote, omba hati isainiwe upya kabla hujatoa hata senti.