Chatu mgeni akikataa kula, mwache atulie kwanza

Mtaje nyoka mbele ya Mkenya wa kawaida, naye ataanza kutafuta fimbo. Hata hivyo, huko Marekani na Uingereza nyoka hufugwa nyumbani kama paka, na mzazi aliyehamia huko kutoka kwetu huenda akaombwa na mwanawe amnunulie mmoja. Ikiwa umeombwa hivyo, au tayari umekubali, yafaa ujue mambo machache kwa faida ya mnyama huyo na kwa afya ya jamaa yako.

Nyoka apendwaye sana na wafugaji ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Wamarekani humwita chatu wa mpira kwa sababu akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Usimfananishe na chatu mkubwa wa kwetu anayemeza swala. Huyu akikomaa huwa na urefu wa kati ya futi 3 na 5, wala hana sumu. Kwao ni nchi kama Ghana, Togo na Benin, na huonekana hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mjini Ouidah, Benin, chatu hawa wana hekalu lao, na wenyeji huwaheshimu.

Kwa msomaji aliye hapa Kenya, tahadhari mbili. Kwanza, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Pili, usiokote nyoka yeyote shambani ukidhani ni mtoto wa chatu. Kifutu, ambaye pia huitwa moma, ni mnene na ana madoadoa, na sumu yake huua.

Hofu huondoa njaa

Malalamiko ya wengi walionunua chatu huyu ni kwamba amefika nyumbani na hali kitu. Wao huingiwa na wasiwasi, wakamtoa kila saa kumtazama, wakamjaribishia chakula kila siku. Kumbe ndivyo wanavyomzidishia shida.

Porini chatu huyu hushinda mchana kutwa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, akatoka usiku. Akitolewa dukani na kutiwa katika nyumba yenye harufu, mwanga na kelele asizozijua, hujiona yu hatarini. Nyoka mwenye hofu hali. Basi mwache siku 5 hadi 7 bila kumshika. Mbadilishie maji tu na uondoe uchafu.

Katika siku hizo hakikisha makao yake ni sawa. Upande mmoja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili uwe baridi kidogo, nyuzi 24 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kifaa cha kutoa joto kiwe na themostati, la sivyo chaweza kumwunguza. Weka maficho mawili, moja kila upande, yawe membamba kiasi cha kumbana kidogo. Asipopata joto la kutosha, hata akila chakula hakitasagika tumboni.

Jinsi ya kumlisha

Mpe panya aliyekufa, wa kununuliwa akiwa amegandishwa. Panya hai aweza kumng'ata chatu na kumtia vidonda vibaya. Panya huyo ayeyushwe kwenye friji isiyo ya chakula cha watu, kisha atiwe katika mfuko na kupashwa moto ndani ya maji ya vuguvugu. Usitumie maikrowevu. Mshike kwa koleo ndefu, umpelekee chatu jioni taa zikiwa zimefifia.

Panya asiwe mnene kuliko sehemu nene zaidi ya mwili wa chatu. Chatu mchanga wa gramu 200 atoshwa na panya wa gramu 20 hadi 30 kila baada ya siku 7. Aliyekomaa hulishwa kila wiki 2 hadi 4. Akishakula, usimshike kwa saa 48, kwa maana aweza kutapika.

Akikataa, mwondoe panya na usijaribu tena mpaka wiki ipite. Aliyekomaa aweza kukaa miezi bila kula na asidhurike. Mizani ndiyo shahidi wako: mpime kila wiki na uandike. Akipoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, akipumua kwa mlio au mdomo wazi, au akitokwa na ute mdomoni, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Afya ya watu

Nyoka aliye mzima kabisa huweza kubeba viini vya salmonela tumboni mwake, na panya wa kumlisha pia. Barafu haiviui viini hivyo. Mtu akiambukizwa huharisha, hupata homa na tumbo humsokota, kwa kawaida kati ya saa 6 na siku 6 baadaye. Kwa mtoto mchanga viini vyaweza kuingia katika damu na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wanashauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mzee wa miaka 65 na zaidi, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, isifuge nyoka. Wengine wote waoshe mikono kwa sabuni kila wakimgusa nyoka, panya au kizimba. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, wala nyoka asibusiwe.

Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na umwulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda.

Mwisho, fahamu kwamba chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30. Mmoja aliyepelekwa katika bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, mwaka 1961, alitaga mayai mwaka 2020 akiwa na umri uliokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 60. Mwanao atamaliza shule na kuondoka, na nyoka atabaki nawe. Ikiwa una mtoto anayetambaa, au huna subira ya kungoja juma zima bila kumgusa mgeni wako, mwambie mwanao asubiri kwanza.