Seli Moja Katika Tone la Maji ya Ziwa

Mtoto mmoja wa darasa la nne hapa Pasiansi alichota maji ya ziwa kwa kikombe, akayachungulia, kisha akaniambia: "Bibi, haya ni masafi. Sioni mdudu hata mmoja." Sikumgombeza. Macho yetu yana kikomo.

Wazazi, waelezeni watoto hivi: nyumba hujengwa kwa matofali, mwili hujengwa kwa seli. Ngozi, damu na utumbo, vyote ni seli, ndogo mno hata hatuzioni bila hadubini. Mtu ana matrilioni ya seli. Bakteria ni seli moja tu, lakini hula, hukua na kuzaa. Mwaka 1674 Mholanzi mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek, alitazama maji ya ziwa kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikiogelea.

Bakteria huzaa kwa kujigawa. Penye joto, unyevu na chakula, baadhi yao hujigawa kila dakika 20: mmoja huwa 2, kisha 4, kisha 8. Kwa muda wa saa 7 wanaweza kupita milioni 2. Kwa hiyo kiporo kisichohifadhiwa vizuri ni hatari.

Si bakteria wote ni adui. Maziwa mgando tunayoyapenda Usukumani ni kazi yao. Lakini yule wa kipindupindu akifika tumboni hutoa sumu inayofanya seli za utumbo zimwage maji. Mtoto huharisha maji kama yaliyooshea mchele, macho hudidimia, na anaweza kufa katika saa chache.

Mpelekeni zahanati mara moja, na njiani mnywesheni maji ya ORS kidogo kidogo. Pakiti ikikosekana, tieni katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Msizidishe chumvi. Sukari na chumvi husaidia seli za utumbo kufyonza maji tena. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kinga ni bora kuliko tiba. Chemsheni maji mpaka yatokote, yafunikeni katika chombo safi. Naweni kwa sabuni mtokapo chooni na kabla ya kula.

Yule mtoto alimwaga kikombe chake, akakimbia nyumbani kumwuliza mama yake kama maji ya mtungini yamechemshwa. Je, wa kwako akikuuliza, utamjibu nini?