Neno Moja, Garimoshi Mbili: Ishara za Reli Uingereza Katika Karne ya 19

Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa tarehe 15 Septemba, 1830, haikuwa na milingoti ya ishara. Askari wa reli walisimama kando ya njia wakiongoza magarimoshi kwa mikono, na baadaye kwa bendera: nyekundu kwa hatari, kijani kwa tahadhari, nyeupe kwa njia iliyo wazi. Penye makutano ya reli na barabara, sheria ya 1845 iliamuru malango yafungwe upande wa barabara, yafunguliwe tu panapokuwa na wa kupita.

Udhaifu mkubwa ulikuwa ule wa kutenganisha magarimoshi kwa muda. Moja likishapita, la pili lilingoja dakika kadhaa, kisha likaruhusiwa. Saa, hata hivyo, haiwezi kujua kwamba lililotangulia limekwama.

Ikumbukwe yaliyotokea katika handaki la Clayton, karibu na Brighton, tarehe 25 Agosti, 1861. Magarimoshi matatu yaliondoka Brighton yakifuatana mno, kinyume cha kanuni ya dakika 5. Mlinzi Killick, aliyekuwa katika zamu ya saa 24 ili apate siku ya mapumziko, aliona ishara yake haikujirudi kwenye hatari baada ya garimoshi la kwanza kupita. La pili lilipomfikia, alilipungia bendera nyekundu likitokomea handakini. Akamuuliza mwenzake Brown, aliyekuwa upande wa pili, kwa simu ya waya: je, handaki ni wazi? Papo hapo la kwanza likachomoza kwa Brown, naye akajibu kuwa ni wazi. Jibu lilikuwa la kweli kuhusu la kwanza. Killick alilielewa kuwa la pili. Akalipungia la tatu bendera nyeupe. Kumbe dereva wa la pili alikuwa ameiona nyekundu, akasimama, na sasa alikuwa akirudi nyuma. Watu 23 walifariki na 176 wakajeruhiwa.

Isimu ingeiita kasoro hiyo utata wa kirejelewa. Dawa yake ilikuwa kugawa njia vipande na kuruhusu garimoshi moja tu katika kila kipande. Kampuni nyingi zilisitasita kwa sababu ya gharama. Baada ya ajali ya Armagh, Ireland, ya Juni 1889, iliyoua watu takriban 80, Bunge liliulazimisha utaratibu huo mwaka uo huo, pamoja na breki za kujifunga zenyewe katika magarimoshi ya abiria.

Nyeupe nayo iliachwa hatimaye, kijani kikashika nafasi yake: kioo chekundu cha taa kilipovunjika, hatari iligeuka ruhusa.