Kumbukumbu ya kinga
Kumbukumbu ya kinga ni uwezo wa mfumo wa kinga ya mwili kutambua antijeni uliyowahi kukutana nayo na kuikabili haraka na kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Chanjo hutegemea uwezo huo.

Mwaka 1846 surua (ukambi) iliingia katika visiwa vya Faroe, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Kati ya wakazi 7,800 hivi, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari Peter Ludvig Panum kutoka Denmark aligundua kwamba wazee waliougua miaka 65 nyuma hawakuugua tena, ingawa virusi havikuwepo visiwani muda wote huo.

==Inavyojengwa==
Kila limfosaiti ina kipokezi cha umbo lake, hivyo ni chache tu zinazolingana na antijeni fulani. Hizo huongezeka kwa wingi katika tezi za limfu na bandama. Seli B hubadilisha kidogo kingamwili zao, na zile zinazoshika antijeni vizuri zaidi ndizo zinazobaki. Maambukizi yakiisha, nyingi hufa. Zinazosalia ni seli B na seli T za kumbukumbu, pamoja na seli plazma ambazo hukaa katika uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kwa miaka mingi.

==Inavyopotea==
Si kila kumbukumbu hudumu. Aliyepona pepopunda bado anahitaji chanjo, kwa sababu sumu ya bakteria hao ni kali kiasi kwamba hata kiwango kidogo mno kisichoweza kuamsha kinga kinatosha kumwua mtu. Kinga dhidi ya malaria nayo hufifia: mtu aliyekulia penye ugonjwa huo, akiishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, anaweza kuugua vibaya akirudi.

Surua yenyewe, ambayo huacha kumbukumbu imara namna ile, hufuta kumbukumbu za magonjwa mengine. Virusi vyake huingia katika seli kwa kushika protini iitwayo CD150, ambayo iko kwa wingi juu ya seli za kumbukumbu, na kuziua. Baada ya wiki chache idadi ya limfosaiti hurudi kama kawaida, lakini nyingi kati ya hizo mpya zinatambua surua tu. Ndiyo maana hesabu ya damu pekee haionyeshi hasara hiyo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kuhusu watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa ulionyesha kwamba surua iliwapotezea kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto wa namna hiyo hujenga upya kinga yake kwa kukutana tena na vijidudu vilevile, au kwa kuchanjwa upya, na kwa miaka 2 hadi 3 huwa rahisi kupatwa na maambukizi mengine. Virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya surua havikuleta upotevu huo.